Modeli ya taka za nyuklia kwenye udongo wa mfinyanzi: unaanza PhD? Shika penseli kwanza

Watu wengi wakipata nafasi ya PhD kwenye hii mada ya taka za nyuklia na udongo wa mfinyanzi, kitu cha kwanza wanakimbilia programu. Wiki haijaisha mtu kashapakua OpenGeoSys au kashaomba leseni ya COMSOL, kachora meshi ya vipande laki moja, joto limo, maji yamo, mgandamizo umo, kemia imo, picha za rangirangi zinavutia kweli, halafu supavaiza anauliza "sasa hii inajibu swali gani?" kimyaa. Njia ninayoeleza hapa inaanzia upande wa pili: penseli kwanza, halafu skripti ndogo ya mstari mmoja (yani 1D, chembe zinasogea kwenye mhimili mmoja tu), ndo uingie kwenye madude makubwa ukiwa unajua unatafuta nini. Unahitaji hesabu za kawaida za chuo, kalkuleta, na baadaye laptopu yenye Python, basi.

Udongo wako ni upi?

Hii mada ina PhD mbili tofauti zenye jina moja. Ya kwanza ni pale udongo ndo mwamba wenyewe. Ufaransa wako huko: shirika lao la taka za nyuklia, Andra, lina maabara pale Bure, mita 490 chini ya ardhi, ndani ya tabaka la mfinyanzi mgumu liitwalo Callovo-Oxfordian lenye umri wa kama miaka milioni 160, na Januari 2023 waliwasilisha maombi ya kibali cha kujenga Cigéo, mradi wa kuzika taka zao kali kabisa humohumo. Uswisi wana Opalinus Clay, wanaichunguza kwenye maabara ya Mont Terri tangu 1996, na Ubelgiji wana Boom Clay na maabara yao ya HADES kule Mol, mita 225 chini. Ya pili ni pale mwamba ni granaiti, yani Sweden na Finland, hapo udongo unaletwa: bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) iliyoshindiliwa inazungushiwa mtungi wa shaba wenye unene wa sentimita 5, na hiyo bentonaiti yenyewe ni sentimita 35 hivi.

Sasa mita 50 za mwamba (umbali nitakaoutumia hapa kutoka kwenye taka hadi nje ya tabaka) na sentimita 35 za bentonaiti ni dunia mbili, manake muda wa kupenya unaenda na umbali zidisha kwa umbali. Umbali ukiongezeka mara kumi, muda unaongezeka mara mia. Kwa hiyo ukisoma makala ya Wasweden ukachukua namba zao ukaweka kwenye modeli ya Wafaransa bila kuangalia, umeshaharibu kazi kabla hujaanza. (Kwa Afrika ipo Vaalputs, Northern Cape huko Afrika Kusini, inapokea taka za kiwango cha chini na cha kati tangu 1986 kwenye mitaro ya mfinyanzi, ila ile ni juujuu tu, huko maswali ni mvua na udongo kukauka, ni habari nyingine kabisa.)

Hapa nitashikilia mfano wa Ufaransa, na bentonaiti nitaigusa mbele.

Udongo unafanya nini

Madini ya mfinyanzi ni tabaka nyembambaaa zimepangana kama kurasa za daftari lililolowa, na uso wa kila tabaka una chaji hasi. Kwenye hiyo chaji hasi ndo mambo mengi yanatokea. Chembe zenye chaji chanya, kwa mfano siziamu, zinanata kwenye udongo. Zenye chaji hasi, kwa mfano iodini na klorini zikiwa ndani ya maji, zinasukumwa, haziingii kwenye vitundu vyembamba, kwa hiyo zinapata nafasi ndogo ya kupita kuliko maji yenyewe, ila hazinati popote. Na maji yako ndani lakini yamebanwa, hayatembei karibu kabisa. Kinachobaki ni difyusheni, yani chembe kusambaa zenyewe polepole kutoka zilipojaa kwenda zilipo chache.

Usikubali tu kwamba maji hayatembei, hakikisha. Chukua upitishaji maji wa 10⁻¹³ m/s, mteremko wa shinikizo 0.2, zidisha upate mtiririko wa 2×10⁻¹⁴ m/s, zidisha kwa mita 50 halafu gawanya kwa mgawo wa difyusheni, tuseme 5×10⁻¹² m²/s kwa chembe hasi. Unapata 0.2. Hiyo ndo namba ya Péclet, ikiwa chini ya 1 difyusheni ndo inatawala, ikiwa juu sana basi maji ndo yanabeba mzigo na itabidi uandike modeli nyingine. Weka hiyo hesabu kwenye sura ya kwanza ya tasnifu yako, mistari minne tu, itajibu swali ambalo mtahini mmoja lazima aulize.

Chagua isotopu, na usianze na plutoniamu

Kila mtu wa mtaani ukimwambia taka za nyuklia anawaza plutoniamu. Hebu tuikokotoe. Plutoniamu-239 ina nusu-uhai (muda wa nusu yake kuoza) wa miaka 24,100. Kwenye mfinyanzi inanata vibaya mno, chukua tu kwa mfano Kd ya 1 m³/kg (Kd ni kipimo cha chembe ngapi zimenata ukilinganisha na zilizobaki kwenye maji), uzito wa udongo mkavu 2,300 kg kwa mita ya ujazo, difyusheni 2.5×10⁻¹¹. Gawanya hiyo difyusheni kwa 2,300 (uzito zidisha kwa Kd), unapata kasi halisi ya kusambaa kama 1.1×10⁻¹⁴ m²/s. Subiri nusu-uhai kumi, yani miaka 241,000, plutoniamu imebaki chini ya moja ya elfu ya ile ya mwanzo. Imesogea wapi? Kipeuo cha pili cha (difyusheni zidisha muda): sentimita 29. Ndani ya miaka laki mbili na elfu arobaini haijafika hata urefu wa rula ya shule.

Sasa geukia iodini-129. Nusu-uhai miaka milioni 15.7, hainati. Difyusheni 5×10⁻¹², nafasi ya vitundu inayoweza kuingia ni kama asilimia 8, gawanya upate 6.25×10⁻¹¹. Mita 50 zidisha kwa 50 ni 2,500, gawanya: sekunde 4×10¹³, yani kama miaka milioni 1.3. Kwa iodini huo ni muda mdogo, inatoka upande wa pili ikiwa karibu nzima. Klorini-36 inapita njia ileile kwa kasi ileile, ila nusu-uhai wake ni miaka 301,000, kwa hiyo kwa muda huohuo imebaki kama asilimia 5. Udongo mmoja, safari moja, matokeo mawili tofauti, na tofauti yote imetoka kwenye nusu-uhai. Ndo maana kwenye tathmini za usalama za mfinyanzi majina yanayojirudia ni iodini-129, klorini-36 na seleni-79, haya majina ambayo hayatishi mtu.

Jambo moja la kuangalia kwa makini hapa ni kiasi unachoanza nacho. Kama nchi yako inazika fueli iliyotumika kama ilivyo, iodini yote imo. Lakini Wafaransa wanachakata fueli yao La Hague kwanza, na kwenye kuchakata iodini nyingi inatoka na kuishia baharini, ile taka kali inayoyeyushwa pamoja na kioo inabaki na kidogo sana. Ukiweka iodini ya fueli nzima kwenye modeli ya taka za kioo, grafu yako itakuwa nzuri na itakuwa uongo.

Penseli inapoishiwa

Ile miaka milioni 1.3 usiitangaze kwamba ndo "muda wa kufika". Ni kipimo cha ukubwa tu. Difyusheni haina mstari wa kumaliza, kuna chembe zinawahi na kuna zinazochelewa. Fomula nyingine ya zamani inasema ucheleweshaji ni umbali zidisha kwa umbali, gawanya kwa difyusheni mara 6, hiyo inatoa kama miaka 210,000. Kwa klorini-36 kati ya miaka 210,000 na milioni 1.3 kuna tofauti ya kubakiwa na asilimia 60 au asilimia 5, na hapo kalkuleta haikusaidii tena, unahitaji kuona mkondo wote unavyopanda na kushuka kwa wakati. Sasa ndo unafungua laptopu.

Mlinganyo ni huu, uandike kwa mkono wako usikopi:

(ε + ρ·Kd)·∂C/∂t = De·∂²C/∂x² − λ·(ε + ρ·Kd)·C

C ni kiwango cha chembe kwenye maji, ε ni porositi (ile nafasi ya vitundu), ρ ni uzito wa udongo mkavu, De ni difyusheni kabla hujaigawanya kwa porositi, λ ni kasi ya kuoza. Upande wa kushoto ni kile udongo unachohifadhi, kilicho kwenye maji na kilichonata. Kulia, cha kwanza ni difyusheni na cha pili ni kuoza kwa mionzi. Kata mita 50 vipande vya sentimita 10, upate 500. Kwenye mwisho wa ndani weka kiwango cha kudumu kwanza, baadaye ndo uweke kiasi chenye kikomo kinachoisha. Kwenye mwisho wa nje weka sifuri, ukichukulia kwamba maji ya tabaka la juu yanafagia kila kinachotoka, hiyo inaufanya mkondo wa kutoka kuwa mkubwa kuliko hali halisi, na kwenye usalama upande huo wa kukosea unaruhusiwa.

Kuhusu hatua za muda, watu wanateseka bure. Ukitumia njia ya moja kwa moja, ile ya kukokotoa kesho kutoka leo, hatua haitakiwi kuzidi ukubwa wa kipande zidisha kwa ukubwa huohuo, gawanya kwa difyusheni (iliyogawanywa kwa porositi) mara 2, kwa namba zetu ni kama miaka 2.5. Inavumilika. Ila utataka kuona vizuri karibu na taka, utapunguza vipande viwe sentimita 1, na hapo hatua inashuka mara mia, siku tisa hivi, na wewe unataka kufika miaka milioni moja. Kompyuta italia. Tumia njia ya kutatua mfumo mzima kwa pamoja kila hatua, halafu acha hatua zikue: mwanzo miaka michache, mbele maelfu.

Kabla hujaonyesha mtu grafu yoyote fanya hili jaribio. Zima kuoza, weka λ iwe sifuri, acha skripti iende miaka milioni kadhaa, halafu chora jumla ya kilichotoka nje dhidi ya muda. Mwishoni mstari unanyooka. Urefushe kurudi nyuma mpaka ukate mhimili wa muda: lazima ukate kwenye ile miaka 210,000. Na mkondo wa mwishoni lazima uwe De gawanya kwa mita 50 mara kiwango cha mwanzo. Zikikubali zote mbili skripti yako ni nzima, zisipokubali usiende mbele hata kidogo, mara nyingi ni porositi imesahaulika upande mmoja wa mlinganyo au mtu kachanganya difyusheni ya De na ile iliyogawanywa kwa porositi. Hilo la mwisho ndo ugonjwa wa fani hii nzima, makala moja inaandika D inamaanisha hivi na nyingine inamaanisha vile, kwa hiyo kila namba unayookota andika pembeni ni D ipi, kwa joto gani, na kwa mwelekeo upi.

Namba zinatoka wapi

Mwelekeo, ndiyo. Mfinyanzi ulijilaza tabaka kwa tabaka, kwa hiyo kusambaa sambamba na tabaka ni haraka kuliko kukata tabaka, mara mbili au zaidi kutegemea na udongo. Taka ziko katikati, njia fupi ya kutoka ni kwenda juu au chini, kukata tabaka, hivyo hiyo ndo namba unayoihitaji zaidi. Ukikuta makala haijasema sampuli ilikatwa kwa upande gani, iweke pembeni.

Nenda maabara ukaone wanavyopima hata kama wewe ni mtu wa kompyuta. Ni kitu kidogo tu: kisahani cha mwamba chenye unene wa sentimita moja hivi, kimebanwa kati ya vichujio viwili, upande mmoja chupa ya maji yenye tritiamu au klorini-36, upande mwingine chupa ya maji safi, mtu anakuja kila baada ya muda anachota kidogo upande safi anapima. Inachukua wiki, kwa zinazonata miezi na zaidi. Ukishaona hivyo unaelewa kwa nini Kd ya siziamu ina wigo mpana na ya amerisiamu watu wanaipima kwenye udongo uliosagwa kwenye chupa, sio kwenye kisahani, manake kusubiri amerisiamu ipenye sentimita moja utastaafu. Na udongo uliosagwa una uso mwingi wa kunatia kuliko udongo mzima, kwa hiyo ile Kd ukiihamisha bila tahadhari unaweza kuwa unausifia udongo kuliko unavyostahili.

Sasa madude makubwa

Kama PhD yako ni ya bentonaiti, hapa ndo utaishi. Kwa difyusheni peke yake sentimita 35 hazichelewishi iodini sana: kwa difyusheni ya 10⁻¹⁰ ni miaka arobaini hivi, kufumba na kufumbua. Kazi ya bentonaiti ni kuvimba, kuziba kila mwanya, kuzuia maji yasitembee na kuulinda mtungi. Kwa hiyo swali linageuka: je italowa yote? itavimba sawasawa? joto litaifanya nini? Ndo hapo unahitaji joto, maji na mgandamizo kwa pamoja, modeli ya Barcelona ya 1990 kwa udongo ambao haujalowa kabisa, mikunjo ya van Genuchten ya 1980 kwa unyonyaji wa maji, na programu za saizi hiyo, CODE_BRIGHT au OpenGeoSys au TOUGH2. Ukitaka kemia, mfano zege inayoachia maji makali ya pH zaidi ya 12 yanayokula mfinyanzi, basi PHREEQC, ya bure na inatosha kwa mengi. OpenGeoSys na PFLOTRAN nazo za bure, kwa hiyo leseni isiwe kisingizio.

Cha kujipima nacho ni jaribio la FEBEX. Kwenye handaki la Grimsel huko Uswisi walipanga matofali ya bentonaiti kutoka Almería, Hispania, wakazungushia vipasha joto, wakawasha 1997 kwa nyuzi 100. Sehemu moja ilifunguliwa 2002, nyingine 2015. Miaka 18 ya joto. Walipofungua 2015 nyufa kati ya matofali zilikuwa zimejiziba, lakini udongo haukuwa sawa kote: upande wa mwamba umelowa zaidi na umelegea kidogo, upande wa kipasha joto umekauka zaidi na umeshikamana zaidi. Hiyo tofauti haikufutika. Modeli yako ikionyesha kwamba baada ya miaka kadhaa kila kitu kinasawazika, rudi mezani. Ipo pia DECOVALEX, tangu 1992 timu za nchi mbalimbali zinapewa jaribio moja na kila mmoja analitatua na programu yake halafu wanalinganisha, tafuta kazi zao za zamani uzirudie mwenyewe, ni shule kuliko semina yoyote.

Gesi ya haidrojeni inayotoka chuma kikiota kutu nayo ni mada, ila usiiongeze kama haiko kwenye swali lako. PhD moja haibebi kila kitu.

Utajuaje modeli ya miaka milioni iko sahihi

Hakuna jaribio la miaka milioni, mtahini anajua hilo na atakubana hapohapo. Jibu liko kwenye mwamba wenyewe. Mont Terri walipima kloridi na heliamu za asili kutoka upande mmoja wa tabaka hadi mwingine, mikunjo waliyoipata inaelezeka kwa difyusheni iliyoendelea kwa mamilioni ya miaka. Chukua data hiyo, iendeshe kwenye skripti yako ileile ya mstari mmoja, uone kama inafuata. Ya pili ni Oklo, Gabon, ambako urani ilijiwasha yenyewe kama mtambo wa nyuklia miaka bilioni 2 hivi iliyopita, Wafaransa wakagundua 1972. Plutoniamu iliyotengenezwa pale haikusafiri mbali, ilioza palepale. Ila Oklo itumie kwa staha, kule mwamba na maji ni tofauti, ni ushahidi wa tabia sio wa namba.

Baada ya hapo endesha modeli mara mia kadhaa huku unabadilisha namba ndani ya wigo wake: difyusheni, porositi, Kd, muda mtungi unapotoboka. Angalia ipi inatikisa jibu. Kwa iodini kuibadilisha Kd ya siziamu hakubadilishi chochote, ni dhahiri, lakini utashangaa ni watu wangapi wanatumia mwaka mzima kuboresha namba ambayo haigusi matokeo. Na muda wa mtungi kutoboka, uwe miaka 1,000 au 10,000, kwa iodini ndani ya mita 50 za Callovo-Oxfordian hauonekani kabisa kwenye grafu, wakati kwa bentonaiti ya sentimita 35 ndo kila kitu.

Kwenye kuchora, tumia skeli ya logi pande zote mbili, weka mkondo unaotoka juu ya tabaka, isotopu tatu au nne kwenye grafu moja, weka alama kilele cha kila moja na mwaka wake, na weka bendi ya zile mara mia kadhaa badala ya mstari mmoja mwembamba unaojidai una uhakika. Pembeni yake chora mkondo uleule kuoza kukiwa kumezimwa, ili anayesoma aone ni kiasi gani kimezuiwa na udongo na kiasi gani kimeliwa na muda.